Nilitaka Kidole, Wakaleta Mbuzi

Ujumbe wa kwanza ulimkuta mume wangu mnadani Ruiri, amezungukwa na wenzake. Mume wangu ni dalali wa ng'ombe, na madalali siku hizi hawatembezi ng'ombe kwa wateja, wanatembeza picha. Simu yake ilikuwa mikononi mwa dalali mwingine, imefunguliwa picha ya fahali mmoja mweusi, na wanaume watano au sita wameinamisha vichwa wakibishana kuhusu kifua chake. Ndipo maandishi yakateremka juu ya pembe za fahali: Mpendwa baba mtarajiwa, mwenzi wako amehudhuria kliniki. Tunakualika nawe upime VVU ili kumlinda mtoto wenu. Huduma ni bure.

Sikuwapo, lakini nimesimuliwa kisa hicho na watu wengi mno, wengine wakicheka mbele yangu bila haya. Aliyeshika simu aliusoma ujumbe kwa sauti, kwa kuwa yeye ni mtu wa namna hiyo. Kisha akauliza kama fahali naye amepimwa. Siku hiyo mume wangu hakuuza kitu.

Jioni aliingia nyumbani bila salamu, akaiweka simu mezani mbele yangu, juu ya njahi, maharagwe meusi niliyokuwa nachambua.

"Ni wewe ulipea hawa watu namba yangu?"

"Ni mimi."

"Na hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Wewe umeniaibisha mbele ya watu. Unajua hao watu ni akina nani? Hao ndio wananiletea wateja."

Nilimwambia wenzake wana wake pia, na wake wao wana matumbo pia, na kama wangekuwa na akili wangeuliza ujumbe wao uko wapi badala ya kucheka wa mwenzao. Hilo halikusaidia. Sikuwa nimelisema ili lisaidie.

Namba niliitoa mjini Meru, katika kliniki ya wajawazito iliyo karibu na kazi yangu. Mimi nauza vitunguu na karoti katika soko la Gakoromone. Ilikuwa mimba ya pili, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana hata chini ya aproni. Nilipimwa siku ileile ya kwanza, kama wanavyopimwa wote, nikaambiwa sina virusi. Muuguzi aliyenihudumia sikumpenda hata kidogo. Ni mama mmoja mwenye sauti kavu, anayezungumza nawe huku akimtazama anayefuata kwenye foleni. Aliuliza, "Na mzee?" Nikasema amesafiri. Akasema wote husafiri.

Kisha akanieleza, mara moja tu na haraka, jambo ambalo sikulisahau tena. Majibu yangu ni yangu peke yangu, na ni ya leo. Kama mume wangu anavyo virusi na hajui, anaweza kuniambukiza nikiwa na mimba au nikinyonyesha, na maambukizi yakiwa mapya ndipo virusi huwa vingi zaidi mwilini, na mtoto akavipata kutoka kwangu mimi. Akiwa navyo na anajua, dawa zipo, na mtoto atazaliwa salama na atanyonya salama. Kibaya ni kutojua.

"Sasa hiyo titi utatoa ukijua ama utatoa ukibahatisha?" akaniuliza.

Nilimchukia kwa swali hilo. Nikamtajia namba.

Sitasema nilimfumania mume wangu na mtu, kwa sababu sikumfumania. Lakini madalali hulala safarini, huko Isiolo na mbele yake, ili waingie sokoni alfajiri. Mtu anatoka kwenye boma la ng'ombe, vumbi hadi kwenye kope, samadi hadi magotini. Mume wangu alikuwa akirudi ameoga. Nilifua nguo zake kwa miaka saba, naijua sabuni ya nyumbani kwangu na najua isiyo ya nyumbani kwangu. Nilikuwa nimenyamaza kwa sababu sikutaka vita. Tumbo lilipokuja, nikavitaka.

Tulianza kugombana kila siku, na kila siku ugomvi ulikuwa uleule.

"Wewe si ulipimwa ukaambiwa huna?" alisema. "Basi na mimi sina. Kwani tunalala kitanda ngapi?"

"Mimi nalala kimoja. Wewe ndiye wa kujiuliza."

"Na kanisa lilitupima kabla ya harusi. Makaratasi pasta alichukua."

"Hiyo ni miaka saba imepita. Ubatizo ndio hufanywa mara moja."

Hapo alikuwa akisimama na kutoka nje, na mlango ulikuwa ukijibu kwa niaba yake.

Ujumbe ulizidi kuja, kila Jumanne na kila Ijumaa asubuhi. Nikiri kwamba hata mimi uliniudhi. Kiswahili chake kilikuwa cha kusomea taarifa ya habari. Mimi na mume wangu nyumbani tunaongea Kimeru, nikipiga simu kwa mama ni Kiembu, na Kiswahili ni cha sokoni, shuleni na ofisini. Tangu niolewe huku sijamsikia mtu wa Ruiri akimwita mwenzake baba mtarajiwa. Mwandishi wa maneno hayo alikuwa ameketi mahali pazuri, nadhani, na mnada hajawahi kuukanyaga. Lakini maneno yalikuwa ya kweli, na mume wangu alikasirishwa na ukweli wake wala si lugha yake.

Aliuzuia ujumbe, ukaja kwa namba nyingine. Kubadilisha laini hakuweza, kwa kuwa wateja wake wote kutoka Nkubu hadi Marsabit wanamjua kwa namba ile. Basi akaamua kuujibu. Niliona siku moja alipoiacha simu mezani. Alikuwa ameandika matusi ambayo siwezi kuyaweka hapa, yakiwataja mama wa watu na viungo vyao. Jibu lilikuwa limerudi saa ileile: Asante kwa kuwasiliana nasi. Kituo cha kupima kilicho karibu nawe kiko wazi Jumatatu hadi Ijumaa. Akatukana tena, zaidi. Mashine ikamshukuru tena. Alikuwa amegombana na mashine ukurasa mzima, na kila tusi lilishukuriwa.

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Alinikuta nacheka. Usiku huo nilihamishia blanketi langu katika chumba cha binti yetu, ambaye alikuwa na miaka sita na alifurahi sana kupata mtu wa kulala naye. Nikamwambia mume wangu maneno machache tu: sitarudi kitanda kile mpaka apimwe nijue.

Akaenda kunitangaza. Alisema mnadani, akasema kwa ndugu zake, na nasikia alisema hata nje ya kanisa watu wakiagana, kwamba nimemwitia serikali nyumbani kwake, kwamba mimi ni mke wa kutoka Embu na watu wa Embu ndivyo walivyo. Aliacha kula chakula changu. Alikuwa akila hotelini, kisha anakuja kukaa sebuleni akipiga mbweu ili nisikie. Mwanamume mzima wa miaka thelathini na minane.

Nilimweleza muuguzi wa sauti kavu. Hakunipa pole. Alitoa kisanduku kidogo chini ya meza na kukiweka mbele yangu.

"Kama hakuji, mpelekee. Hii ni ya kujipima mwenyewe, ya mate. Hata damu hakuna. Maelekezo tutamtumia kwa simu."

Kilikuwa kifaa cheupe chenye ncha bapa na laini, mfano wa kijiti cha aiskrimu, pamoja na kichupa cha maji yake. Unapitisha ncha kwenye ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja, unaitia kichupani, unangoja. Mstari mmoja, hakuna virusi. Miwili, nenda kituoni ukahakikishwe. Maelekezo yakaingia katika simu ya mume wangu siku hiyohiyo, yakisema pia asile wala asinywe chochote kwa nusu saa kabla ya kupima. Nilikiweka kisanduku juu ya mto wake. Asubuhi nilikikuta kabatini, kati ya dawa ya kupe na chupa ya dawa ya minyoo ya mbuzi, na hapo kikakaa wiki baada ya wiki.

Halafu Jumamosi moja alasiri, nikiwa kibandani kwangu Gakoromone nikigombana na mteja anayetaka kuchagua karoti moja moja, simu yangu ikalia. Ilikuwa picha. Kifaa kimelazwa juu ya meza yetu, juu ya kitambaa nilichokishona mwenyewe, na katika kidirisha chake mstari mmoja, mwekundu, peke yake. Chini ameandika: Nimepima. Sasa mniwache.

Picha ileile aliituma pia kwa wale wa ujumbe, nao wakamjibu kwa haraka ileile waliyokuwa wakijibu matusi. Hongera, baba mtarajiwa. Umechukua hatua ya kuilinda familia yako.

Nilikaa juu ya gunia la vitunguu nikalia mbele ya watu. Yule mteja nilimwachia achague karoti atakazo. Nilijiona mjinga kwa yote niliyomwazia mume wangu, zile safari, ile sabuni, yote. Jioni nilinunua nyama nusu kilo na nikapika chapati. Alikula mezani kwangu kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze, akasema zimeiva vizuri. Nikalirudisha blanketi langu kitandani.

Zilifuata wiki tatu ambazo, kusema kweli, zilikuwa nzuri. Alinibebea maji. Aliweka mkono tumboni mtoto akicheza. Aliiweka ile picha kwenye stetasi yake, ili madalali wote waione, na kila ilipofutika aliiweka tena, pamoja na picha za mafahali. Alikuwa akitembea kifua mbele. Mimi nami, nikikosa wateja, nilikuwa naifungua niitazame, kwa sababu ilinipa raha.

Ni katika kuitazama hivyo nilipoikuza, siku moja mchana, kwa vidole viwili.

Lazima niwaeleze jambo ambalo mke yeyote wa kwetu analijua. Mume wangu anatafuna miraa. Akishamaliza chakula cha mchana anaitia shavuni, na haitoki mpaka anapolala. Haihesabu kuwa kula wala kunywa, wala kuwa kitu chochote. Kwake ni sehemu ya kuwa macho. Na mdomo huo unaacha rangi yake kila unapogusa. Foronya zangu ni za kijani kibichi upande mmoja. Kikombe chake kina mstari wa kijani ambao jivu haliutoi. Vitambaa vyake vya mfukoni nilishakata tamaa navyo. Mswaki wake wenyewe, ambao kazi yake ni kusafisha, ni wa kijani hadi shinani.

Ncha ya kile kifaa katika picha ilikuwa nyeupe. Nyeupe pepe. Alasiri ya Jumamosi, na ufizi wa mtu aliyetoka kutafuna, na ncha nyeupe.

Nikaiweka simu chini nikauza vitunguu. Nikajiambia labda siku hiyo hakutafuna, lakini nilimjua. Nikajiambia labda alimtumia kijana anayemchungia ng'ombe, lakini huyo hutafuna kumshinda. Nilipitia kichwani watu wote wa boma letu wenye mdomo safi, na sikufika mbali. Nilikuwepo mimi, na sikuwa mimi. Hata hivyo moyo ulikataa kutaja aliyebaki.

Jioni nilimpeleka binti yetu bombani nje kumpigisha mswaki, kama kila siku. Alinitazama nikimtilia dawa ya meno akasema anajua njia nyingine, ya daktari. Akakunja midomo, akapitisha kidole ufizi wa juu, taratibu, kutoka huku hadi huku. Kisha ufizi wa chini, taratibu vilevile.

"Nani amekufundisha hiyo?"

"Baba. Na kijiti cheupe. Alinishika hapa," akagusa kidevu, "akaniambia nisisonge. Na alininyima biskuti kwanza. Akasema tungoje."

Alimnyima biskuti kwanza. Yale maelekezo ya simu, aliyoyatukana kila neno, aliyafuata barabara, ila kwa mdomo wa mtoto.

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Binti akaniuliza kama tumbo linauma, nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nawaza zile wiki tatu. Nilikuwa nimerudi kitanda kile kwa sababu ya picha. Kama kulikuwa na kitu cha kunipata, kilikuwa na wiki tatu za kunipata, na mtoto ndani yangu naye pia, na mimi nilikuwa nimepika chapati. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Baada ya hofu kukaja hasira, na hasira ilikuwa nafuu.

Nilimkuta sebuleni anatazama taarifa.

"Ile picha ni ya mdomo wa nani?"

Hakugeuka. "Picha gani?"

"Mtoto ameniambia."

Hapo akafanya nilichotarajia, akakasirika.

"Hawa watu walikuwa wananisumbua kila siku. Wewe ulikuwa unanisumbua. Nikawapea kile mlikuwa mnataka. Na si ilitoka poa?"

"Ilitoka poa ya nani?"

"Kwani mtoto ameumia? Ni mate kidogo tu. Wewe unapenda kufanya kitu kidogo kuwa kesi."

Nilimwita jina ambalo sijawahi kumwita mtu, kwa Kiembu, na ingawa Kiembu chake ni cha kukisia, alilielewa. Asubuhi nilifungasha nguo zangu na za binti, nikaenda kwa mama yangu mtaa wa Majimbo, mjini Embu.

Mama hakunipokea kwa machozi. Aliuliza nimeviacha vitunguu kwa nani. Nilipomweleza habari yote, alikaa akitazama ukuta, kisha akasema mtoto huyo asiambiwe alichofanyiwa mpaka awe mkubwa, na huenda hata akiwa mkubwa. Sijaona bado kama alikosea. Kesho yake tulikwenda pamoja kituo cha afya. Nikapimwa, sina. Lakini daktari akaniambia ikiwa nimekutana na virusi majuzi, kipimo hakiwezi kuviona upesi, nirudi baada ya wiki sita. Nilizikaa wiki hizo nikilihesabu tumbo na kujihesabia makosa yasiyokuwa yangu. Usinisimulie kuhusu subira. Nilikuwa nikiamka nikiwa nimeuma meno.

Mume wangu alianza kupiga simu. Sikuzipokea. Akaanza kuandika: Rudi. Watu wanauliza. Unataka nini? Nilichotaka alikijua. Basi Jumanne iliyofuata, asubuhi, nilichukua simu yangu nikamwandikia maneno yao kama nilivyoyakariri: Mpendwa baba mtarajiwa, tunakualika upime VVU ili kumlinda mtoto wenu. Huduma ni bure.

Alinitukana. Nikamjibu: Asante kwa kuwasiliana nasi. Kituo cha kupima kilicho karibu nawe kiko wazi Jumatatu hadi Ijumaa.

Nilifanya hivyo kila Jumanne na kila Ijumaa. Hakuna siku niliyokosa. Wale wa Meru walikuwa wameshamwondoa katika watu wao wa kusumbuliwa, kwa kuwa kwao alikuwa mtu wa hongera, kwa hiyo kazi yao niliifanya mimi, tena kwa chuki ambayo mashine haina. Mara moja aliandika kwa upole kwamba amenimiss na anaomba tuongee. Nikamshukuru kwa kuwasiliana nasi.

Mwishowe akaja. Kwetu, mke akirudi kwao, mume haji peke yake kumchukua. Huja na watu wake, na maneno, na kitu mkononi. Akaja na baba yake mdogo, na mzee mmoja wa kanisa lao, na kreti mbili za soda, na mbuzi dume aliyefungwa nyuma ya gari akilalamika mtaa mzima wa Majimbo. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo mjomba wangu ndiye aliyewapokea. Walikaa, wakaomba, wakanywa chai. Baba mdogo akazungumza vizuri sana, maana ndiyo kazi yake katika ukoo. Alisema vyombo vikiwa pamoja hugongana. Alisema kijana wao ana hasira za haraka, lakini hajanipiga. Alisema mtoto azaliwe kwa babake. Hakutaja kijiti wala binti yetu, na nikitazama uso wake niliona kwamba hajui. Mume wangu alikuwa amewaambia kwamba nimekasirika kwa sababu ya mambo ya simu.

Mjomba akaniuliza niseme la kwangu.

"Sitaki mbuzi," nikasema. "Nataka kidole."

Wakatazamana. Mjomba alikohoa. Nikaeleza: kituo cha afya hakiko mbali, na leo ni siku ya kazi. Aende, mimi nikae kando yake, atoe kidole kitobolewe, nione damu ikitoka kwake kwa macho yangu. Baada ya hapo tuzungumze habari ya nani azaliwe wapi. Mbuzi afungwe pale nje angoje majibu na yeye.

Mzee wa kanisa akasema hayo ni maneno mazito kwa mwanamke kuyasema mbele ya wageni. Mama yangu, ambaye alikuwa mlangoni na birika, akasema gari lao linaweza kugeuzwa pale kwa jirani kama wana haraka. Mume wangu akainuka, akasema kwa sauti ya mtu asiye na neno, "Twendeni basi. Kwani ni nini?"

Njiani aliongea na kila mtu. Ndani ya chumba kidogo cha kupimia aliacha kuongea. Tulipimwa wote wawili, mimi kwanza, kwa kuwa wiki zangu zilikuwa zimetimia. Alipotoa kidole, aliurudisha mkono mara mbili, ikabidi daktari aushike kwa nguvu juu ya meza. Jasho lilimtoka mpaka shingoni. Aliuliza kama anaweza kutoka nje apigwe na upepo, akaambiwa angoje. Alikitazama kile kipimo kana kwamba kitamrukia. Nilikaa nikimtazama yeye. Sikuwahi kumwona mtu akiogopa vile, na nilielewa anachoogopa. Alizijua safari zake zote, na hakujua zimempa nini.

Majibu yalitoka. Mimi sina. Yeye hana.

Nilifurahi, sitadanganya. Nilishika tumbo kwa mikono miwili nikamshukuru Mungu kwa Kiembu. Mume wangu aliruka akampa daktari mkono, akatoka nje kabla yangu, na nilipofika mlangoni alikuwa tayari anampigia simu dalali mmoja.

Mbuzi alichinjwa alasiri ileile nyuma ya nyumba. Kulikuwa na vicheko. Mume wangu alikaa katikati ya wazee, sahani magotini, akisimulia jinsi alivyotoa kidole bila wasiwasi. Nilileta ugali nikataka kuondoka, baba mdogo akaniita.

"Mwekuru," akasema, maana yake mke, tena kwa upole, "sasa umeona mwenyewe. Mtu wetu ni msafi. Amekuja mpaka hapa, amefanya vile ulitaka. Sasa na wewe ni vizuri umwambie pole, mbele yetu, hii maneno iishe."

Mzee wa kanisa akatikisa kichwa kukubali. Mjomba wangu mwenyewe akanitazama kwa macho ya kuniomba nifanye hivyo tumalize. Mume wangu alikuwa anatabasamu, akinisubiri.

Nilimgeukia yeye.

"Siku ile ulimshika mtoto kidevu ukamtia kijiti mdomoni, ulikuwa unajua uko msafi?"

Tabasamu lilikaa kidogo, halina kazi, kisha likaondoka.

"Ulinirudisha kitandani na tumbo hili. Ulikuwa unajua?"

Baba mdogo alimtazama mtu wake, akanitazama mimi, akaiweka nyama sahanini.

"Mtoto gani?" akauliza.

Mume wangu aliinamia sahani yake, akaigeuza mifupa kwa kidole, kisha akaomba apitishiwe chumvi. Ilikuwa mbele ya mjomba wangu, karibu kabisa na mkono wake. Mjomba hakuigusa.